Kile Kiitwacho "Plastiki" ni Jino la Mwanao

Haya ni mazungumzo ya mhudumu wa afya ya meno mbele ya wazazi na walezi wa Utange, Kisauni. Tumeyachapisha karibu kama yalivyosemwa, tukaondoa tu marudio.

Naona kina mama wengi, na kina baba watatu au wanne kule nyuma karibu na mlango. Wazee wangu, sogeeni mbele. Meno ya mtoto si kazi ya mama peke yake, na habari niliyo nayo leo inawahusu nyote.

Nitaanza na kitu nilichoonyeshwa kikiwa kimefungwa kwenye pindo la kanga. Miaka kadhaa nyuma mama mmoja aliingia chumbani kwangu na mtoto wa miezi saba. Mtoto alikuwa ameharisha siku nne na mwili unawaka. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amepelekwa kwa mtu asifiwaye kwa kutoa "meno ya plastiki". Mama akafungua lile pindo, akanionyesha vitu vinne vidogo, vyeupe, vyororo, kama punje za mchele uliolowekwa usiku kucha. Akaniambia, "Daktari, ndiyo haya yaliyokuwa yakimmaliza mwanangu."

Nikavitazama kwa muda kabla sijajibu. Yalikuwa meno. Chonge nne za utoto, mbili za juu na mbili za chini, zilizochokolewa kutoka ndani ya ufizi kabla hazijakomaa. Hapakuwa na plastiki wala mdudu. Na kilichokuwa kikimmaliza yule mtoto ni maji kumwishia mwilini.

Tulimwahi, Alhamdulillahi, akapona. Lakini lile swali la mama halikuniacha, kwa sababu lilikuwa swali la haki kabisa. Aliniuliza: "Kama ni jino, mbona ni laini? Jino si gumu?" Leo nataka kulijibu swali hilo vizuri, maana mwenye kulielewa jibu lake hawezi tena kumkabidhi mwanawe kwa mtu mwenye sindano au njiti ya baiskeli.

Jino mnaloliona limevishwa gamba gumu jeupe. Gamba hilo huitwa enameli. Hakuna kitu kigumu kuliko hicho katika mwili wa binadamu, hata mfupa haufikii. Ukipima uzito wake, karibu sehemu 96 katika kila 100 ni madini, hasa kalsiamu na fosfeti. Ndiyo maana mtu akizikwa, nyama huondoka, mifupa hulika, na meno hubaki. Pale Panga ya Saidi, pango lililoko kwa majirani zetu wa Kilifi, wachimbaji walikuta mifupa ya mtoto aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Mifupa ilikuwa imelika hata kuigusa ni taabu, na meno mawili ndiyo yaliyowahakikishia kwamba ni binadamu kama sisi, mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2021, na wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya walikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo.

Sasa, gamba hilo gumu halianzi likiwa gumu. Huanza kama utelezi. Ndani ya ufizi, kabla jino halijachomoza, kuna safu ya seli ambazo kazi yake ni moja tu, kutengeneza enameli. Seli hizo kwanza hutoa protini nyingi, laini kama ute mzito. Katika protini hizo, sehemu kubwa, karibu tisa katika kila kumi, ni protini moja inayoitwa amelojenini. Msiogope jina. Fikirieni fundi anayejenga nyumba ya ghorofa hapa Utange. Kabla ya kumwaga slabu, fundi hupanga mbao na kusimamisha boriti chini yake. Zege humwagwa juu ya zile mbao, likashika umbo lake. Likishakauka, mbao hutolewa. Hakuna anayeishi katika nyumba yenye mbao za slabu bado ziko juu.

Amelojenini ndizo hizo mbao. Huyashika madini, huyapangia nafasi, huyafanya yakue kama nyuzi nyembamba ndefu zilizopangika upande mmoja. Kisha mwili hutuma vimeng'enya, yaani protini nyingine zenye kazi ya kukatakata, vikaikata ile amelojenini vipande vipande na kuiondoa. Kila inapoondoka, madini huijaza nafasi yake. Mwisho wake ni lile gamba gumu, na protini iliyobaki ndani ni kidogo mno.

Kwa hiyo ukimtoboa ufizi mtoto wa miezi mitano, sita au saba, ukachokoa chonge yake, utatoa kitu ambacho kazi yake haijamalizika. Sehemu imeshaanza kushika madini, sehemu bado ni ute na nyama laini. Kinateleza, ni cheupe, kinabonyea. Anayekitoa hukiita plastiki, au nailoni, na wengine husema ni mnyoo. Hasemi uongo kuhusu ulaini wake. Kilichomkosesha ni kutojua kwamba kila jino lililomo humu mdomoni mwetu, langu na lako, lilipitia hali hiyo hiyo.

Jambo hili si la kabila moja wala la nchi moja, na msije mkatoka hapa mkanyoosheana vidole. Tanzania husema meno ya plastiki au ya nailoni, na madaktari wa meno wa huko walikuwa wakiandika kulihusu tangu miaka zaidi ya 30 iliyopita. Uganda huita ebiino. Wazee wa hapa wanaikumbuka kambi ya wakimbizi wa Kisomali iliyokuwa Utange mwanzoni mwa miaka ya 1990; Wasomali nao wana jina lao, ilko dacowo, yaani meno ya mbweha. Ethiopia na Sudan lipo. Kenya lipo katika jamii kadhaa. Na Kisauni yetu hii ni mchanganyiko wa watu, wa pwani na wa bara, kila mmoja amekuja na alichofundishwa na bibi yake.

Wala siwalaumu mabibi. Tazameni jinsi mambo yanavyopangana. Mtoto akifika miezi mitano au sita, mambo mengi humjia kwa pamoja. Anaanza kupewa uji na maji, na vyombo si safi kila siku. Anaanza kutambaa na kila kitu anakitia mdomoni. Kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama inapungua. Basi anaharisha, anapata homa. Na wakati huo huo ufizi unavimba pale chonge zilipolala. Bibi anatazama mdomoni, anaona uvimbe mweupe, anasema nimeupata ugonjwa. Jino likatolewa, na baada ya siku mbili tatu mtoto anapata nafuu, kwa sababu kuharisha kwingi huisha kwenyewe kama mtoto hakukaukiwa na maji. Sifa anapewa mwenye sindano. Wale ambao hawakupata nafuu hawarudi kuhadithia.

Na hao ndio wanaoniuma. Sindano, msumari, njiti ya baiskeli, kisu kidogo, kifaa kimoja kwa watoto wengi. Mtoto anavuja damu, naye damu yake yote ni kidogo. Uchafu unaingia kwenye kidonda, unaingia kwenye damu. Pepopunda inaweza kuingia, na virusi vya ukimwi vinaweza kuingia. Huku kuharisha kulikompeleka kule kunaendelea, na kwa kidonda mdomoni hanyonyi. Wapo watoto waliokufa kwa hili, katika nchi zetu hizi, na imeandikwa.

Lipo jambo la pili ambalo mama haambiwi. Chonge ya utoto haikulala peke yake. Nyuma yake, ndani ya mfupa ule ule, imelala chonge ya ukubwani, ambayo enameli yake huanza kujengwa mtoto akiwa na miezi minne au mitano. Yaani ile sindano inapochokoa jino la kwanza, mara nyingi inapita katikati ya karakana ya jino la pili, siku zile zile mbao zinapopangwa. Seli zinazotengeneza enameli zikichanika, hazirudi. Mtoto anakuja kwangu ana miaka 11 au 12, chonge imetoka ina shimo, ina rangi ya manjano, au imetoka ikiwa kipande, au imetokea pembeni, au haikutoka kabisa. Wazazi wamesahau. Ukiuliza, "Alipokuwa mchanga alitolewa chochote?" mama ananyamaza, anamtazama mumewe.

Hilo la seli kutorudi ndilo jambo ambalo ningependa mlishike kuliko yote. Mfupa ukivunjika unaunga. Ngozi ikikatika inafunga. Enameli haina mafundi wa kuirudia, kwa sababu jino linapochomoza kwenye ufizi seli zilizoijenga zinakuwa zimekwisha kufa na kupukutika. Duniani zipo maabara zinazojaribu kutengeneza protini za kuigiza amelojenini ili madini yajipange upya juu ya jino lililoliwa. Ni kazi nzuri na naifuatilia. Lakini hadi leo hakuna mtu anayeweza kumwotesha mwanao gamba jipya zima mdomoni. Tunachofanya sisi ni kuziba.

Basi mtoto akiharisha na ufizi umevimba, mfanyieni nini? Endelea kumnyonyesha. Mpe maji ya ORS kidogo kidogo kwa kijiko, na vidonge vya zinki kama ulivyoelekezwa, kisha mlete zahanati. Akiwa na homa apimwe malaria, asikisiwe. Macho yakidumbukia, akilegea, akikataa kunyonya, au kinyesi kikiwa na damu, usingoje asubuhi. Hakikisha chanjo zake zimekamilika; ya rotavirusi, inayozuia aina mbaya ya kuharisha, imo katika ratiba ya Kenya tangu mwaka 2014, naye hupewa akiwa bado mchanga, kuanzia wiki ya sita. Kuota meno kunaweza kumfanya mtoto atokwe na udenda, ajikune fizi, alie usiku. Hakumharishi mtoto siku nne, na hakumpi homa kali. Ukiambiwa "ni meno tu", uliza mara ya pili.

Kuna mambo mengine yanayoiharibu enameli wakati inajengwa, na nitayapitia haraka. Kwanza mjue saa zenyewe. Meno ya utoto huanza kushika madini mtoto akiwa tumboni, karibu mwezi wa nne wa mimba. Gego la kwanza la ukubwani huanza wakati wa kuzaliwa. Meno ya mbele ya ukubwani huanza katika mwaka wa kwanza. Kazi hiyo, ukiliacha gego la mwisho kabisa, huisha mtoto akifika miaka saba au minane. Chochote kikubwa kitakachompata ndani ya miaka hiyo kinaweza kubaki kimeandikwa kwenye jino: surua kali, utapiamlo, homa za mfululizo. Nikimwona kijana wa miaka 15 ana mstari wa mashimo kwenye meno ya mbele, mara nyingi naweza kumwambia mama yake aliugua akiwa na umri gani. Wananiuliza kama mimi ni mganga.

Dawa pia. Tetrasaiklini hukamatana na kalsiamu ya jino linalojengwa na kuliacha na rangi ya manjano au kijivu ambayo mswaki hauondoi. Mama mjamzito na mtoto aliye chini ya miaka minane wasipewe, isipokuwa daktari ameona hapana budi. Najua kapsuli huuzwa moja moja madukani. Uliza jina lake kabla ya kumpa mtoto.

Kisha maji. Kuna madini yanaitwa floraidi. Kidogo chake kina faida, kingi wakati jino linajengwa kina madhara, na madhara yake yanapita kwenye ile ile protini ninayowaeleza. Floraidi ikizidi, amelojenini haiondolewi kwa wakati. Mbao zinabaki ndani ya zege. Madini yanakosa nafasi ya kujaza, gamba linatoka na vitundu, linaonekana jeupe kama chokaa, kisha linashika rangi ya kahawia. Hayo ndiyo meno mnayoyaona kwa ndugu zetu wa Naivasha, Nakuru, Baringo, na Arusha kule Tanzania, ambako maji ya ardhini ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu moja na nusu kwa lita, na kuna visima kule vinavyopita hapo mara kadhaa.

Nimeulizwa mara nyingi juu ya visima vya hapa, kwa kuwa maji yake yana chumvi. Chumvi unayoionja si floraidi. Floraidi katika maji haina ladha wala rangi, na hujulikana kwa kupimwa tu. Kuyachemsha hakuiondoi, na dawa ya klorini haiigusi. Hizo ni za vijidudu, na muendelee nazo kwa kazi hiyo. Mwenye kisima anayewauzia majirani mitungi afanye hima apimiwe maji, na waulizeni maafisa wa afya ya umma wakuelekezeni. Pia magadi ya kulainishia maharagwe na mboga: yapo magadi yenye floraidi nyingi, kwa hiyo chakula cha mtoto mdogo kipikeni bila magadi.

Lakini tafadhali, mtu asitoke hapa akatupa dawa ya meno. Floraidi ya kwenye dawa ya meno inapopakwa juu ya jino lililokwisha kuota inalisaidia, ndiyo kinga yetu kubwa dhidi ya kuoza. Tatizo ni kuimeza kwa wingi utotoni. Mtoto wa chini ya miaka mitatu, weka kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya mbaazi, na umfundishe kutema. Na ikiwa amehamia mtaani kwako mtoto kutoka Nakuru mwenye meno ya kahawia, usiruhusu wenzake wamwite mchafu, na mama yake asimsugue kwa mchanga wala jivu. Rangi imo ndani. Ataumizwa bure.

Wapo pia wachache waliozaliwa na hitilafu katika maelekezo yenyewe ya kutengeneza amelojenini. Meno yao ya utoto na ya ukubwani yote hutoka membamba, ya manjano, yenye kumeguka. Maelekezo hayo yamo katika kromosomu ya X, na nakala nyingine katika Y, ndiyo maana wataalamu wa maabara huitumia jeni hii kujua kama sampuli ni ya mwanamume au mwanamke. Katika ugonjwa wa kurithi wa upande wa X, baba mwenye nao huwapa mabinti wake wote na hampi mwanawe wa kiume hata mmoja. Nalitaja hili kwa sababu moja. Kina mama wa watoto hawa huja wamekwisha kusemwa na wifi na mavyaa kwamba hawawapigishi watoto mswaki. Ukiona meno yote ya mtoto yako hivyo, na ya shangazi yake yako hivyo, mlete tumtazame kabla ya kumsema mama.

Sasa nina jambo la mwisho, na mzee mmoja amenivuta pembeni kuniuliza habari yake kabla hatujaanza. Amesikia kwamba ipo dawa ya fizi inayotokana na nguruwe. Kweli ipo, na inatokana na hii hii amelojenini.

Katika miaka ya 1990, watafiti wa Sweden waligundua kwamba protini za enameli changa, zikipakwa kwenye mzizi wa jino, zinaweza kuusaidia mwili kujenga tena sehemu ya vile vinavyolishika jino: mfupa, nyuzi, na tabaka linalofunika mzizi. Ikatengenezwa jeli. Inatumika kwa mtu mwenye ugonjwa wa fizi uliokula mfupa, meno yanacheza. Daktari anafungua ufizi, anasafisha mzizi, anapaka ile jeli, anashona. Jina lake la biashara ni Emdogain. Imetumika nchi nyingi, na katika mashimo fulani ya mfupa imeonekana kusaidia kuliko kusafisha peke yake. Jeli ya protini hiyo hiyo imewahi kutengenezwa pia kwa ajili ya vidonda sugu vya mguu. Protini yenyewe huchukuliwa kutoka vijino vya nguruwe wachanga, vile ambavyo bado viko ndani ya ufizi, vikiwa katika hali ile ile ya ulaini niliyowaeleza. Husafishwa, kisha hukaushwa.

Si dawa ya zahanati, ni ya wataalamu wa fizi, na bei yake si ndogo. Lakini watu wetu wanakwenda hospitali kubwa, wengine wanasafiri hadi Nairobi au ng'ambo, na wengi wetu hapa ni Waislamu. Mgonjwa anaweza kupakwa akiwa amelala kitini na asijue mpaka siku anasoma karatasi. Mimi si shekhe. Kama inafaa wakati wa dharura au haifai, waulizeni mashekhe wenu, na mimi sitaingia hapo. Ninachokisema ni cha upande wangu: una haki ya kujua kabla. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu akueleze hali yako, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama zake, kwa lugha unayoielewa, na una haki ya kukataa. Kwa hiyo ukiambiwa utafanyiwa upasuaji wa fizi, uliza waziwazi: "Utaweka kitu ndani? Kimetokana na mnyama gani?" Uliza hivyo hivyo kuhusu unga wa mfupa na vile vitambaa vyembamba vinavyowekwa chini ya ufizi, maana navyo vingine ni vya nguruwe, vingine vya ng'ombe. Hiyo jeli si njia pekee. Upo upasuaji wa kusafisha bila kuweka kitu, upo mfupa unaochukuliwa mwilini mwako mwenyewe, na wagonjwa wengi wanaokuja mapema huhitaji kusafishwa mizizi tu, basi. Daktari mzuri hatakasirika kuulizwa. Akikasirika, una haki ya kutafuta mwingine.

Kina mama wameanza kunyanyua watoto mgongoni, naona jua limepanda. Nimalizie na gego la miaka sita, kwa sababu ndilo linalopotea sana Kisauni. Mtoto akifika miaka sita, nyuma kabisa ya magego yake ya utoto huchomoza gego jingine, bila kung'oka kitu. Wazazi hudhani ni la utoto na kwamba likioza litabadilishwa. Halibadilishwi. Ni la ukubwani, lile lile lililoanza kujengwa siku aliyozaliwa, na kwa watoto wengine hutoka na mabaka meupe au ya kahawia, linauma kwa maji baridi, linameguka mapema. Likionekana mapema tunaweza kulifunika. Likichelewa tunaling'oa mtoto ana miaka tisa.

Nimekuja na tochi na vioo. Mwenye mtoto wa miaka mitano hadi saba amlete hapa mbele dirishani, mmoja mmoja, tumtazame. Wale wenye vichanga wanaoharisha, msipange foleni yangu. Muuguzi yuko pale mezani na ORS, waanze kwake sasa hivi.